Risasi si ya kuweka mu kinywa: karabini ya hewa, mafuta yake na lineti yake

Juma lililopita nilivuka Lualaba kwa mtumbwi, nikaenda Alunguli kumuona muzee mmoja aliyefanya kazi ya kasiterite kule Kalima miaka mingi. Kompani yake ilikufa, hesabu yake ya mwisho anaingojea mpaka leo, na sasa mpunga ndio unamulisha. Mpunga wenyewe ulikuwa na maziwa, ile wakati ndege wanashuka juu yake kama mvua. Pembeni ya shamba nikakuta mjukuu wake, kijana wa miaka kumi hivi, amekaa juu ya kichuguu na karabini ya hewa. Nikamuamkia. Akanijibu kwa kichwa tu. Nikasema moyoni, huyu mtoto hana adabu. Kumbe kinywa kilikuwa kimejaa. Akatema risasi tano mu kiganja, zote zinang'aa mate.

— Mbona unaziweka mu kinywa?

— Papa, njo mafuta yake hiyo. Zikiwa na mate zinapita vizuri mu kanoni.

Muzee akacheka. Mimi sikucheka, na ndiyo sababu leo sitaandika juu ya bei ya kilo wala juu ya makarti ya wachimbaji. Karabini hizi zimeingia mu nyumba zetu. Wachuuzi wanazileta, baba ananunua kwa ajili ya ndege wa mpunga na panya wa gala, kisha anamuachia mtoto. Hakuna anayemuonyesha mtoto jambo lolote.

Tuanze na hiyo risasi yenyewe. Kiswahili chetu kimetumia neno moja kwa vitu viwili: risasi ni ile inayotoka mu bunduki, na risasi ni madini, ile Wafaransa wanaita plomb. Ile ndogo ya karabini, yenye kiuno chembamba kama nyigu, karibu kila mara ni madini hayo matupu. Ina upana wa milimita 4.5 na uzito wa nusu gramu hivi. Ni laini, ukiisugua kwa kidole inakuachia rangi ya kijivu. Rangi hiyo ni sumu. Mtu mzima akimeza kidogo, sehemu kubwa inapita na kutoka. Mtoto mdogo, mwili wake unaishika mara 4 ao 5 kuliko wetu, unaipeleka mu damu, mu ubongo, na mu mifupa ambamo inakaa miaka. Mama mwenye mimba naye anaipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya la Dunia linasema wazi: hakuna kiasi cha risasi mu damu ambacho kinajulikana kuwa hakina hatari. Na haitangazi kuja kwake. Mtoto anaumwa tumbo, anakuwa mvivu, darasani hashiki tena mambo, tunasema ni minyoo ao ni uchawi wa jirani.

Sisi wachimbaji tuko na sababu ya kusikia habari hii kuliko watu wengine. Mwaka 2010, mu jimbo la Zamfara, Nigeria, wenzetu walikuwa wanasaga mawe ya dhahabu nyumbani, mu uwanja, pale pale watoto wanachezea. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi ndani yake. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Hakukuwa na bunduki hata moja mu habari ile, vumbi tu. Basi mtoto anayekaa na risasi tano mu kinywa toka asubuhi mpaka saa sita, mimi siwezi kumuangalia hivi hivi.

Sasa, je, risasi inahitaji mafuta? Nimeulizwa swali hili hata mu mkutano wa sendika, kisha makofi na kicheko. Kuna watu wanaopaka, na sababu yao si ya bure. Mtutu wa karabini una mistari ndani inayozungusha risasi ili iende sawa. Risasi ikipita kwa kasi sana, inaacha unga wake mu mistari ile, na kisha hailengi tena vizuri. Tena mu unyevu wa kwetu, kopo likikaa wazi, risasi inaota unga mweupe. Mafuta kidogo yanazuia yote mawili. Lakini karabini za resori tunazoziona hapa, zile unazovunja mtutu ili kuzijaza, nyingi hazina kasi ya kutosha kuchafua mtutu hivyo, na viwanda vingi vinaziuza risasi zikiwa tayari na mafuta kidogo juu yake. Mimi sipaki kitu. Kopo nikilikuta na uchafu, ninaosha risasi mu maji ya moto kidogo na sabuni, mu chombo ambacho hakirudi jikoni tena, ninazianika juu ya kitambaa, basi. Zile zenye unga mweupe ninazitupa mu choo cha shimo, mbali na kisima, sababu unga ule ni risasi iliyooza na unaingia mwilini upesi zaidi.

Mafuta ya injini, hapana kabisa. Hapa ninaungama. Karabini yangu ya kwanza niliiua mwenyewe. Mu mgodi tulizoea marto ya kompresa: juu ya tiyo ya hewa kuna kichupa cha mafuta, hewa inayabeba, marto inafurahi. Nikawaza, hii nayo ni mashine ya hewa, nayo itapenda mafuta. Nikatia matone ya mafuta ya pikipiki mu tundu la hewa. Wee! Ililia kama bunduki ya kweli, moshi ukatoka, harufu ya kamyo inayopanda mulima. Vijana wakapiga makofi. Mimi nilijiona fundi. Baada ya majuma mawili resori ilivunjika na ngozi ya pistoni ilikuwa imeungua.

Fundi wa jenereta mmoja wa hapa Kasuku ndiye aliyenielezea, na ni jambo ambalo nilipaswa kulijua. Injini ya dizeli haina bouji. Inabana hewa mpaka hewa inakuwa moto, mafuta yanawaka yenyewe. Pistoni ya karabini inafanya vilevile: inabana hewa ghafula, hewa inachemka, na mafuta yakiwa pale yanalipuka. Mara moja yanawaka sana, mara nyingine kidogo, kwa hiyo risasi moja inapanda, nyingine inashuka, na wewe unalaumu jicho lako. Hata mawese, ambayo wengine wanapaka, ni vilevile, tena yanaganda na kunasa vumbi. Ukitaka kutia mafuta, tia tone moja pale mtutu unapovunjikia, kwenye musumari wake, si mu tundu la hewa. Na mate yanaleta kutu mu mtutu, kama habari ya sumu haikutoshi.

Kisha muzee akaniletea jambo la pili, ambalo lilikuwa linamuuma kuliko la kwanza. Alikuwa ameweka franka pembeni ili anunue lineti ya karabini. Mchuuzi alimuonyesha moja, ndefu kama mkono, iliyotoka juu ya bunduki kubwa ya kuwinda. "Hii ilipiga tembo," aliambiwa. Muzee aliamini kwamba lineti ya bunduki ya tembo haiwezi kushindwa na karabini ya ndege.

Inashindwa, tena upesi. Bunduki ya baruti inasukuma upande mmoja tu, nyuma, mu bega. Karabini ya resori inaruka mara mbili: pistoni ikianza kwenda mbele, bunduki inarudi nyuma, pistoni ikigonga mwisho, bunduki inatupwa mbele. Vioo vya lineti ya bunduki kubwa vimefungwa kwa kuvumilia ile ya kwanza. Ile ya pili inavilegeza, na siku moja unaangalia ndani unakuta ule msalaba umelala kama ulevi. Uliza lineti iliyotengenezwa kwa karabini ya hewa; imeandikwa juu ya boksi. Na vyuma vya kuishikilia viwe na kizuizi nyuma, la sivyo lineti nzima inatembea kidogo kidogo kuja kwenye jicho lako.

Namba zake zisiwatishe. Ukiona 4x32, maana yake inakuza mara 4 na kioo cha mbele kina milimita 32. Gawanya 32 kwa 4, unapata 8: ndio upana wa mwanga unaofika mu jicho. Ile ya 9x40 inakupa milimita 4 na kidogo. Ndege wa mpunga wanakuja alfajiri, bado giza giza, na pale mwanga una faida kuliko kukuza. Tena ukikuza sana, kutetemeka kwa mkono wako nako kunakuzwa. Kwa mita 20 ao 30, mara 4 inatosha.

Kuna mutego mwingine, na huu unaweza kuujaribu mbele ya mchuuzi bila kulipa kitu. Lineti nyingi za bunduki kubwa zimepangwa kwa mita 100 hivi. Kwa mita 20 zinadanganya. Weka karabini juu ya mufuko wa mchele, iangalie alama ya mita 20 bila kugusa chochote, kisha sogeza kichwa kidogo kushoto na kulia. Kama msalaba unatembea juu ya alama, risasi nayo itatembea. Iache.

Lakini mimi nilimwambia muzee asinunue bado. Mu michezo ya Olimpiki, karabini ya hewa ya mita 10 inapigwa na risasi hizi hizi za milimita 4.5, na nukta ya kati ina upana wa nusu milimita. Lineti ya kukuza hairuhusiwi, wanalenga mu katundu kadogo tu. Kinachowasaidia ni risasi zinazolingana na mkono uliotulia. Kwa hiyo jaribu kwanza makopo ya aina mbili ao tatu, risasi tano tano juu ya karatasi, karabini juu ya mufuko laini, bila kuikamata kwa nguvu. Ukiikaba, kule kuruka kwake kunabadilika kila mara. Kila mtutu unachagua risasi yake kama mtoto anavyochagua chakula.

Neno moja la sendika, na hapa sitanii. Karabini yenye lineti, ukiiona kwa mita 50, ni bunduki. Askari wa barierre hatakuja kwanza kupima milimita. Silaha mu inchi yetu ziko chini ya ordonnance-loi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Kabla ya kununua, pita bureau ya komine uombe karatasi. Na usiilete kamwe kwenye karière. Mnajua vile site inapewa rangi, kijani, manjano ao nyekundu, na watu wenye bunduki wakionekana pale rangi inakuwa nyekundu. Picha moja ya telefone ya kijana mwenye karabini karibu na mashimo ya Kailo inaweza kuwaletea wenzake mia maswali, na mufuko bila etiketi hakuna wa kuununua kwa njia nzuri. Yule mjukuu nilimwambia pia: inatoa jicho la mtu, na jicho halirudi.

Tulikaa mpaka jua likapanda. Mama wa nyumba alileta maji na sabuni, kijana akanawa mikono na kinywa mara mbili, akinuna. Kopo likapewa kamba, sasa linaning'inia juu ya mlango wa gala, na risasi anazichukua moja moja mu kamufuko ka kitambaa kasikoingia jikoni. Ndege wakipigwa na kupikwa, nyama iliyo karibu na tundu inakatwa na kutupwa. Tukajaribu makopo mawili aliyokuwa nayo. Lile la bei kubwa lilitawanya risasi kama mtu anayelisha kuku. Lile la bei ndogo, risasi tano ziliingia fasi moja, ungezifunika kwa sarafu, bila lineti.

Muzee aliiangalia karatasi ile muda mrefu.

— Kamaradi, na zile franka za lineti?

Mama wa nyumba alijibu kabla yangu: kuna nyavu za kufunika mpunga zinauzwa soko kubwa.