Betri ikienda ziwani, mtoto anasoma na nini?

Saa kumi na moja jioni, wakati jua linaanza kushuka upande wa Kongo, baba watoto huingia ndani, huchomoa waya mbili, hujitwika betri begani na kuteremka nayo mwaloni. Akishatoka, nyumba inabaki giza. Kwa miaka miwili hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, na sikuona tatizo lolote mpaka binti yetu wa kwanza alipofika darasa la saba.

Wazazi wa ukanda huu wa ziwa wataelewa bila kuelezwa sana. Uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku na ya giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mwanga wa taa haumvuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi hupumzika siku chache kila mwezi. Usiku mwingine wote taa ziko majini, na siku hizi taa nyingi zinatumia betri badala ya karabai. Betri hiyo ndiyo inayowasha taa nyumbani na kuchaji simu. Kwa hiyo usiku ambao familia inatafuta hela ndio ambao mtoto hana mwanga wa kusomea.

Mwaka 2024 ndio ulionifungua macho. Serikali ilifunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Hela ilikuwa ngumu, hilo sifichi. Lakini betri ilikaa nyumbani, na binti alisoma kila usiku mpaka saa tatu. Ziwa likafunguliwa 15 Agosti. Mwezi mpevu ukapita siku nne baadaye, na giza lilipoingia kila mtumbwi ukaenda majini. Mtihani wa taifa wa darasa la saba ulikuwa wiki ya pili ya Septemba. Zile wiki tatu za mwisho, mtoto alisoma kwa tochi ya simu, na simu yenyewe ilizima kabla hajafika ukurasa wa nne.

Nilichofikiria kwanza kilikuwa rahisi: tununue paneli kubwa zaidi. Nashukuru hatukuinunua siku hiyo.

Hesabu kwanza, duka baadaye

Fundi mmoja aliyetusaidia alianza kwa kuniomba daftari. Alisema, shemeji, usiniambie unataka paneli ya ukubwa gani, niambie unawasha nini na kwa saa ngapi. Wati za kila kifaa unazizidisha kwa saa zake, unapata wati-saa. Ndiyo hesabu yenyewe, mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Mtumbwi wetu una taa nne za wati 10, zinawaka saa kumi. Hizo ni wati-saa 400 kwa usiku mmoja. Nyumbani: taa tatu za wati 5 kwa saa nne ni 60, simu mbili kama 25, redio ya wati 5 kwa saa tano ni 25. Jumla 110. Ukiongeza televisheni ndogo ya sola ya wati 25 kwa saa tatu, unafika 185.

Sasa upande wa jua. Kutwa ni saa kumi na mbili, lakini jua la asubuhi na la jioni ni dhaifu. Ukilikusanya lote pamoja, ni kama saa nne au tano tu za jua kali. Tumia nne, maana masika yapo. Na njiani, kwenye waya na betri, kuna umeme unaopotea. Ongeza asilimia 30. Kwa mtumbwi, wati-saa 400 zinakuwa 520. Gawa kwa nne: wati 130.

Paneli yetu ilikuwa ya wati 80.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini betri zetu zilikuwa zinakufa kila baada ya miezi kumi. Kila siku tulikuwa tunatoa umeme mwingi kuliko tunaorudisha. Betri ya risasi na asidi ikiachwa nusu tupu siku baada ya siku huharibika ndani, hata kama imenunuliwa jana. Tulikuwa tunamlaumu muuza betri, kumbe mwizi alikuwa hesabu.

Betri ndiyo inayokula hela

Watu wengi wanaulizana bei ya paneli. Paneli nzuri hukaa miaka ishirini na zaidi. Betri ndiyo utakayoinunua tena na tena, kwa hiyo akili yako ielekeze huko.

Betri ya gari si ya kazi hii. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache injini iwake, kisha ijazwe tena mara moja. Ukiitumia usiku kucha kwa taa, haimalizi mwaka. Muulize muuzaji waziwazi kama anayokupa ni ya gari au ya sola, na usiridhike na jibu la kuwa zote ni N70.

Betri ya sola ya risasi usiitumie zaidi ya nusu. Wati-saa 400 kwa betri ya volti 12 ni kama ampea-saa 33, kwa hiyo kwa mtumbwi wetu inatakiwa angalau ya 70. Kwa nyumba, bila televisheni, ni ampea-saa 9 kwa usiku. Ukitaka ikubebe siku mbili za mawingu na usishuke chini ya nusu, tafuta ya 40. Betri ya lithiamu inaruhusu kutumia asilimia 80, kwa hiyo inatosha ndogo zaidi. Bei yake iko juu. Lakini fikiria mgongo wa anayeibeba: betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina karibu kilo 30, ya lithiamu ya ukubwa huohuo ina kilo 11 au 12. Kwa kitu kinachoteremshwa mwaloni kila jioni na kupandishwa kila asubuhi, tofauti hiyo si ndogo. Tena haina asidi ya kumwagika kwenye mtumbwi au kwa mtoto anayetumwa kuibeba. Jambo moja tu: kontrola iwe inaikubali lithiamu na iwe imewekwa hivyo. Usichukue ile ya zamani ukaiunga tu.

Uzito huo huo unakusaidia dukani. Ukiambiwa betri ya risasi ni ya 100 na unainyanyua kwa mkono mmoja bila kuhema, ndani hakuna risasi ya kutosha.

Chukua futi ya fundi cherehani

Tulipofika mjini, maduka ya Mwanga na ya karibu na soko la Kigoma yalikuwa na kila aina. Katika duka moja nilionyeshwa paneli yenye maandishi makubwa, wati 300, kwa bei ya kufurahisha. Nilikuwa na futi kwenye pochi. Urefu mita moja, upana nusu mita.

Hapo hakuna haja ya kubishana. Paneli nzuri za siku hizi hutoa kama wati 200 kwa kila mita moja ya mraba, ikizidi ni kidogo. Nusu mita ya mraba haiwezi kutoa zaidi ya wati 100 na ushee, hata ipelekwe jangwani. Paneli ya kweli ya wati 300 inakaribia mita moja na nusu za mraba, na huwezi kuibeba kwapani. Nilimshukuru kijana wa watu nikaondoka.

Geuza paneli uangalie nyuma. Kibandiko kinatakiwa kionyeshe Pmax, ambazo ndizo wati. Voc, yaani volti ikiwa haijaungwa na kitu. Na Isc, ampea zake za juu. Paneli ya wati 100 kwa betri ya volti 12 huwa na Voc ya kama 21 au 22 na Isc ya ampea 5 hadi 6. Wauzaji wengi wanapenda kukupimia volti mbele ya duka, namba inasoma 21, unafurahi. Volti peke yake haisemi kitu. Hata paneli ya wati 20 inasoma 21. Mwombe fundi apime ampea, juani, saa sita mchana. Ampea zikisoma 2 kwenye paneli inayoitwa ya 100, mmekwisha elewana.

Kulinganisha bei, gawa bei kwa wati. Kwa mfano tu, paneli ya wati 100 kwa shilingi 150,000 ni shilingi 1,500 kwa wati. Ya wati 150 kwa shilingi 195,000 ni 1,300. Ya pili ndiyo rahisi, ingawa inatoa hela nyingi zaidi mfukoni. Angalia alama ya TBS, dai risiti na karatasi ya dhamana iliyoandikwa tarehe. Wanaochukua kwa malipo ya kidogo kidogo, kama wanavyofanya Sun King na d.light, waulize jumla yote mpaka mwisho ni shilingi ngapi, na ukikwama miezi miwili kinatokea nini. Mwaka ambao ziwa limefungwa, swali hilo lina uzito.

Na usisahau vidogo. Fyuzi karibu na betri inazuia moto, na ni rahisi kuliko kilo ya sukari. Waya mwembamba unakula umeme njiani, hasa paneli ikiwa mbali. Sisi tunaokaa kaskazini, kama Mwamgongo, Zashe au Kagunga, ambako safari ya kwenda mjini ni boti mpaka Kibirizi, tununue fyuzi za akiba hukohuko. Kuna mtu alilala giza wiki nzima kwa kifyuzi kimoja.

Mlima uko mashariki

Hili halikuandikwa kwenye kitabu chochote cha maelekezo nilichopewa dukani. Kwa kuwa Kigoma iko kusini kidogo ya ikweta, karibu nyuzi 5, mafundi husema paneli ilazwe kidogo kuelekea kaskazini, nyuzi 10 hivi, ili hata mvua iweze kuosha vumbi. Ni kweli kwa Ujiji na mjini. Lakini vijiji vilivyobanwa kati ya mlima na maji havipati jua mapema. Jua lazima kwanza lipande mgongo wa mlima. Asubuhi yetu ni kivuli. Alasiri, jua likiwa juu ya ziwa, tunalo lote. Kwetu fundi aliielekeza kaskazini magharibi, na mchana mwingine nilikaa na daftari kuona kivuli cha mchikichi kinapita wapi. Usidharau kivuli cha kuti moja. Kikifunika kona tu ya paneli, kinaweza kupunguza umeme wa paneli nzima kwa kiasi kikubwa.

Paneli haina sababu ya kukaa mtumbwini, maana taa zinawaka usiku. Mawimbi, maji na miguu ya watu vitaimaliza. Iache juu ya bati, ikiwa imeinuliwa kidogo upepo upite chini, maana paneli ikichemka sana hutoa umeme pungufu. Wenye boti za safari ndefu, zinazolala njiani, hao ndio wa kufikiria kufunga paneli juu ya paa la boti. Na kabla hujaongeza taa za kuvulia, zungumza na BMU ya mwalo wako au afisa uvuvi, usije ukanunua mwanga ambao hauruhusiwi.

Nisisahau waliopata umeme wa TANESCO. Tangu 2022, Kigoma ilipoanza kuunganishwa na Gridi ya Taifa, mambo ya mjini yamebadilika, na kama nguzo imefika kwenu huna sababu ya kufunga sola kubwa nyumbani. Chaja nzuri ya betri ya mtumbwi inakutosha.

Tulivyogawana

Mwishowe hatukununua paneli kubwa moja. Tulinunua ya wati 150 na betri ya lithiamu kwa ajili ya ziwa, kwa hela ya msimu mmoja na mkopo mdogo wa kikundi chetu cha akina mama. Paneli ile ya zamani ya wati 80, iliyokuwa ndogo kwa mtumbwi, imekuwa kubwa ya kutosha kwa nyumba. Tukaiwekea betri ya sola ya ampea-saa 40. Mikataba ni miwili tofauti: umeme wa ziwani na umeme wa nyumbani, hakuna kuazimana.

Mdogo wake sasa yuko darasa la sita, anasomea mezani, taa ya wati 5 juu ya kichwa. Koroboi ipo nyuma ya mlango, inaota kutu.

Mwezi uliopita taa moja ya mtumbwi ilisumbua, na baba watoto akarudi jioni akiizungukazunguka betri ya nyumbani. Akaniambia ni usiku mmoja tu. Fundi alikuwa ameifungia kwenye sanduku la mbao lenye kufuli, na ufunguo unakaa kwangu, kwenye pindo la khanga. Alikwenda ziwani na taa tatu.