Sataranji: Jicho, Saa na Kosa la Hatua Moja

Tarehe 27 Novemba 2006, mjini Bonn, Ujerumani, bingwa wa dunia wa sataranji, Vladimir Kramnik wa Urusi, alikuwa akipambana na programu ya kompyuta iitwayo Deep Fritz. Katika hatua ya 34 alimsogeza malkia wake. Kompyuta ikajibu kwa kumweka malkia wake karibu kabisa na mfalme wa Kramnik, akilindwa na farasi. Mfalme hakuwa na pa kukimbilia. Mchezo ukaisha papo hapo. Yawezekanaje bingwa asione hatari ambayo hata mwanafunzi angeweza kuiona?

Mwaka 1973, wanasaikolojia wa Marekani William Chase na Herbert Simon walichapisha uchunguzi unaotoa mwanga juu ya jambo hili. Stadi alipoonyeshwa ubao wa mchezo halisi kwa sekunde 5 tu, alikumbuka nafasi za kete kuliko mchezaji mchanga. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, ubora wake ulikaribia kutoweka. Maana yake ni kwamba stadi hutambua mipangilio aliyoizoea. Mazoea hayo ni nguvu yake, lakini pia yaweza kumponza: farasi akisimama mahali pasipo pa kawaida, jicho laweza kumpita.

Adui wa pili ni saa. Katika mashindano mengi mchezaji hupewa dakika 90 kwa hatua 40 za kwanza, pamoja na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Hiyo ni wastani wa dakika 2 na sekunde 45 kwa hatua. Atumiaye dakika 40 kuwaza hatua moja itambidi azilipe baadaye, pengine wakati hatari imezidi. Kwa hiyo hatua za mwanzo zilizozoeleka zichezwe upesi, na akiba ya muda iwekwe kwa ajili ya mahali pagumu.

Kanuni ya mashindano husema kwamba kete iliyoguswa kwa nia ya kuchezwa sharti ichezwe. Basi uhakiki hauna budi kutangulia mkono. Mchezaji akishaamua, na ajiulize: mpinzani aweza kumshambulia mfalme wangu vipi? Aweza kula kete gani? Maswali hayo huchukua sekunde chache tu, nayo yafaa kuulizwa hata pale ushindi unapoonekana kuwa karibu.