Mtoto Mwenye Usonji: Mama Hana Hatia

Mtoto ametimiza miaka mitatu. Akiitwa jina haitiki, hawatazami wanaomsemesha, na kutwa nzima huzungusha gurudumu la kigari chake. Majirani huanza kunong'ona kwamba mama yake amekiuka mila, au amerogwa. Wageni wabishapo hodi, mtoto hufichwa chumbani.

Hali hiyo huitwa usonji. Dakta Leo Kanner aliieleza huko Marekani mwaka 1943, baada ya kuwachunguza watoto 11. Kwa miaka mingi baadaye, baadhi ya wataalamu walidai kuwa chanzo chake ni mama asiye na upendo. Utafiti umelikanusha dai hilo: usonji hutokana na namna ubongo unavyokua, na urithi una sehemu kubwa.

Wazazi hawakukaa kimya. Mwaka 1962, mjini London, waliunda chama chao. Mwaka 1965 wakafungua shule.

Siku hizi Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi: vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani. Mzazi hujifunza kumzoeza mwanawe kuwasiliana wakati wa kucheza, kula na kuoga.

Basi, ndugu mzazi, uzionapo dalili hizo usingoje. Mpeleke mtoto hospitali, apimwe na masikio pia. Baba asimwachie mama mzigo huo peke yake. Tena, mtafuteni mzazi mwenzenu mwenye mtoto kama wenu, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.