Milima Buhigwe ipo, Trek haipo

SEPTEMBA 2025 dunia ya baiskeli ilihamia Kigali. Tadej Pogačar wa Slovenia akatwaa ubingwa wa dunia juu ya Colnago ya Italia, mashindano hayo yakipigwa Afrika kwa mara ya kwanza.

Ukivuka Burundi tu, unaingia Buhigwe mkoani Kigoma. Milima ipo ya kumwaga na vijana wanaipanda na mizigo ya ndizi, lakini kwa Phoenix ya China au Hero ya India. Trek au Specialized za Marekani, usitegemee kuzikuta dukani.

Bei inachangia, ila siyo yote. Kampuni hizo huuza kupitia mawakala, na wakala lazima awe na spea na fundi aliyesomea kazi hiyo. Wateja wakiwa wachache, hela yake inalala. Breki za mafuta zikigoma Manyovu, nani azitengeneze? Phoenix ikikatika spoku, fundi wa chini ya mti anamaliza kazi.

Ni sawa na kusajili straika wa mabilioni wakati timu haina daktari. Akiumia, msimu umeisha.

Mapafu Buhigwe yapo. Anayetaka vijana hao washindane, aanze na spea na fundi. Baiskeli itafuata.