Clodion: fundi aliyepata jina kwa udongo, si kwa marumaru

Ukisikia sanamu za zamani za Ulaya, akili inaenda mbio kwenye jiwe jeupe, marumaru. Lakini kuna mchongaji mmoja Mfaransa aliyejulikana kwa udongo wa kuchoma, kama ule wa vyungu. Aliitwa Claude Michel. Watu walimuita Clodion.

Alizaliwa Nancy, mashariki ya Ufaransa, mwaka 1738. Toka 1762 mpaka 1771 aliishi Roma. Kule, kazi za Waroma wa kale zilikuwa mingi: sanamu, mitungi ya mawe, michoro ya kuchongwa. Alizisoma kwa macho. Humo njo alitoa watu wake: Bacchus, mungu wa mvinyo, wasichana wa misituni, na masatiri wenye miguu ya mbuzi.

Wakati ule, kwa wachongaji wengi udongo ulikuwa wa kujaribia tu. Unafinyanga mfano mdogo, tajiri anauangalia, akikubali njo unaanza kukata marumaru. Kwa Clodion, kazi ya udongo yenyewe ilikuwa imekwisha, na ilinunuliwa hivyo hivyo. Moja, ya satiri na msichana wa msituni wakilewa mvinyo, iko leo kwenye makumbusho ya Metropolitan, New York. Urefu wake ni karibu sentimita 59.

Juu ya nini wanunuzi walipenda udongo? Sababu unashika alama ya mkono. Marumaru inasuguliwa mpaka inateleza. Kwenye udongo unaona bado kidole na kijiti cha fundi vilipopita. Lakini udongo una masharti yake, na kila mama anayefinyanga vyungu anayajua: maji yakibaki ndani, kwenye moto yanageuka mvuke, yanapasua kazi. Njo maana sanamu inatobolewa ndani, halafu inakauka polepole mbele ya kuchomwa.

Mapinduzi ya 1789 yaliharibu soko lake. Wakubwa waliokuwa wananunua walikimbia ao kupoteza mali, na watu wakaanza kutaka sanamu za mashujaa. Mwaka 1792 alirudi Nancy. Kisha akaenda tena Paris, akachonga hata kwenye tao la Carrousel la Napoléon. Alikufa Paris mwaka 1814.

Tao lile, kila mupita njia analiona. Lakini wanaotaja Clodion leo, wanamtaja kwa ile kazi ndogo ya udongo.