Mvua ya Kwanza na Nguvu ya Ardhi



Mtu akivuka kwenda Bagamoyo mwisho wa kiangazi atawakuta wenzetu wa Mrima wamekwisha safisha makonde yao, wanangojea masika. Wengine hupanda kavukavu, kabla tone halijaanguka. Wazee wao wajua kuwa mahindi yaliyopata mvua ya kwanza huwa kijani kibichi, na yaliyochelewa wiki mbili tatu huwa manjano, ijapokuwa shamba ni moja.

Jambo hili lilichunguzwa na Bwana H. F. Birch huko Muguga, karibu na Nairobi, katika Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika ya Mashariki lililokuwapo wakati ule. Mwaka 1958 alieleza kuwa udongo uliokauka kisha ukarowa hutoa naitrojini nyingi kwa ghafula. Mrusi mmoja, Lebedjantzev, alikwisha andika habari kama hii mwaka 1924, lakini jina lililoshika ulimwenguni ni la Birch, nasi watu wa Afrika ya Mashariki hatuna sababu ya kulalamika.

Mambo yenyewe ni haya. Udongoni mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Jua likikaza, vingi hufa. Maji yakifika, vilivyosalia huamka na njaa, hula mizoga ya wenzao pamoja na mboji iliyolegezwa na ukavu, huzaana upesi, na katika kula kwao naitrojini iliyofungwa hufunguka ikawa chakula cha mmea. Karamu hiyo ni ya siku chache tu. Mvua kubwa zikifuata huipeleka chini kusikofikiwa na mizizi, na katika mchanga wa pwani huenda upesi zaidi. Penye maji yaliyotuama, kama mabonde ya mpunga ya Ruvu, nyingine hugeuka hewa ikapotea.

Je, mwenye mikarafuu yamhusu nini? Mkarafuu mkubwa una bahati, kwani mizizi yake imo ardhini tayari, na mingi i juujuu. Lakini magugu nayo yamo karamuni, na huota mbio kuliko sisi tunavyoamka kwenda shamba. Kwa hiyo palizi ya shinani ifanywe mvua zinapoanza, si zinapokwisha. Anayepanda miche naye asingojee mpaka mwisho wa masika. Mvua zikisha kutulia kidogo, apande.

Tena kuna hesabu nyingine. Kila mara udongo ukaukapo na kurowa, sehemu ya mboji hutumika. Ni kama kutoa fedha katika akiba. Shamba lililo wazi, lililofagiliwa ili kuokota karafuu zilizoanguka na majani yake kuchomwa moto, latoa kila mwaka wala haliwekwi kitu. Zikisha kuokotwa, majani yarudishwe chini ya miti, yaachwe mbali kidogo na shina.