Miaka miwili ya kuhubiri ugenini: faida na machungu ya vijana wa Kongo katika misheni ya Wamormoni

Huko Kashebere, kwenye mpaka wa Masisi na Walikale, kijana anayefikisha miaka 18 hana njia nyingi mbele yake. Kuna shamba, kuna pikipiki ya kubeba abiria, kuna machimbo ya madini, na kuna bunduki. Mapigano kati ya AFC/M23 na Wazalendo yamewakimbiza wakaaji mara kwa mara, na wengi wa umri huo wanatafuta mlango wowote wa kutokea.

Katika umri uo huo, kijana Mkongomani wa Kinshasa au Lubumbashi anaweza kupokea barua kutoka Salt Lake City, Marekani, ikimwambia aache nyumba yao na aende kuhubiri kwa muda wa miaka miwili. Barua hiyo ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wanaliita kanisa la Wamormoni. Binti naye anaweza kuitwa, kwa miezi 18.

Kwa wakaaji wa Masisi na Walikale, kanisa hili si jina la kila siku. Wao wanajua Wakatoliki, CBCA, CEPAC na Waadventisti. Wamormoni walitambuliwa na serikali ya Zaire mwaka 1986, na nguvu yao iko zaidi Kinshasa, Katanga na Kasai. Hekalu lao la kwanza nchini lilifunguliwa Kinshasa tarehe 14 Aprili 2019. Lakini watu wa Kivu waliokimbia vita wanakutana nao ugenini, hata Marekani, ambako kuna matawi ya kanisa hilo yanayosali kwa Kiswahili. Ndipo swali linarudi nyumbani kwa simu: je, misheni ni njia ya kufika Ulaya au Marekani?

Hakuna mshahara, hakuna kuchagua nchi

Jibu fupi ni hapana. Mmisionari hachagui mahali pa kwenda. Anajaza fomu, anapimwa na daktari, anahojiwa na viongozi wake, kisha anangoja. Wakongomani wengi wanatumwa katika majimbo mengine ya nchi yao au katika nchi za Afrika zinazosema Kifaransa. Muda ukiisha, wanarudi kwao.

Mshahara pia hakuna. Kwa mmisionari wa Marekani, familia ndiyo inayochangia, na tangu Julai 2020 kiasi ni dola 500 kila mwezi. Kijana wa nchi maskini anatoa kadiri ya uwezo wake, na mfuko wa kanisa unalipia sehemu iliyobaki. Pesa anazopewa ni za chakula na usafiri tu. Hawezi kufanya kazi ya kando wala kutumia wadogo zake karo ya shule.

Kwa kijana wa Kashebere kuna kizuizi kingine kabla ya hivyo vyote. Pasipoti inatolewa na serikali ya Kinshasa, wakati uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa baada ya AFC/M23 kuuteka mji huo mwezi Januari 2025. Hata anayeitwa na kanisa lolote lile hawezi kuondoka kirahisi.

Siku ya mmisionari

Maisha yenyewe ni ya nidhamu kali. Mmisionari anaamka asubuhi na mapema, anasali, anasoma, kisha anatoka kutafuta watu wa kufundisha hadi usiku. Anavaa shati jeupe na tai, na kifuani ana kibao cheusi chenye jina lake la ukoo. Kwa Kiswahili cha kanisa hilo anaitwa Mzee, hata kama ndevu bado hazijaota.

Hatembei peke yake hata siku moja. Daima wako wawili, na kila baada ya wiki kadhaa anaweza kubadilishiwa mwenzake au kuhamishwa mtaa. Mluba anaweza kulala chumba kimoja na Mmalagasi, na wote wawili wanapaswa kupika, kufua na kusali pamoja, wapendane wasipendane. Uchumba hauruhusiwi. Siku ya mapumziko ni moja kwa wiki, na hiyo ndiyo ya kufua na kwenda sokoni.

Mlango kufungwa usoni ni jambo la kawaida. Mmisionari mweusi anakutana pia na swali zito: mbona kanisa lake liliwanyima wanaume weusi ukuhani hadi Juni 1978? Swali hilo ni la haki, na kijana aliyezaliwa miaka mingi baadaye ndiye anayesimama mlangoni kulijibu.

Kuwa mbali wakati nyumbani kunawaka

Zamani mmisionari alipiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Noeli na siku ya akina mama. Tangu Februari 2019 anaruhusiwa kuzungumza na familia yake kila wiki. Kwa familia ya Kinshasa, hilo ni faraja kubwa. Kwa familia ya Kashebere, ambayo leo iko kijijini na kesho imekimbilia porini bila mtandao, simu ya kila wiki si hakika. Kijana atapaswa kufundisha watu habari za amani bila kujua kama mama yake amelala wapi.

Hatari haziko Kongo peke yake. Wamisionari Wamarekani wa kanisa hili, wawili kati yao wakiwa na umri wa miaka 19 na 20, walijeruhiwa katika shambulio la bomu kwenye uwanja wa ndege wa Brussels tarehe 22 Machi 2016. Mwaka 2020, korona ililazimisha maelfu kurudishwa makwao ghafla.

Wapo pia wanaorudi mapema kwa ugonjwa au kwa kulemewa moyoni, na aibu ya kurudi kabla ya muda inaweza kuwauma kuliko ugonjwa wenyewe. Mwaka 2016, Jeffrey R. Holland, wakati huo mmoja wa mitume wa kanisa hilo, aliwaambia vijana waliorudi kwa sababu za afya kwamba hawana haja ya kuomba radhi.

Anachorudi nacho

Faida zipo, ila si za mfukoni. Kijana anajifunza kusema mbele ya watu, kupanga siku yake, kuishi na mtu wa kabila lingine, na mara nyingi lugha mpya. Thierry K. Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alitumwa ujanani kuhubiri Côte d'Ivoire. Mwezi Aprili 2020, alipoteuliwa kuwa kiongozi wa ngazi ya juu wa kanisa lake, alikuwa akiongoza misheni ya Baltimore, Marekani. Mkongomani alikuwa ametumwa kuwaongoza vijana wanaohubiri Marekani, tofauti na zamani, wakati mmisionari huku kwetu alikuwa mzungu.

Wengi hawafiki huko. Wanarudi mtaani bila kazi, wakati wenzao wa darasani wameshaoa au wamemaliza chuo. Tangu 2001 kanisa lina mfuko wa mikopo ya masomo, na lina pia masomo ya chuo kwa njia ya intaneti. Lakini mkopo hulipwa, na masomo hayo yanahitaji umeme na mtandao.

Kwa hiyo, mzazi ambaye mtoto wake anavutwa na misheni, iwe ya Wamormoni au ya kanisa lingine, afadhali aulize mapema: nani atalipa, nani atawasaidia wadogo wanaobaki, vita vikianza habari zitamfikiaje, na akirudi atashika kazi gani? Kijana mwenye majibu hayo anaweza kwenda na moyo mtulivu. Anayekwenda kwa kutafuta viza atajikuta amevaa tai kwa miezi 24, kisha ndege inamrudisha alikotoka.